Shuka la Chini Kabatini

Noumea, 14 Januari 1979

Dada Hermance,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta bado unaamka kabla ya majogoo na kuwagombeza watu wa mnadani wanaovuta kitani chako kama wanavuta kamba ya ng'ombe. Sisi huku kisiwani hatujambo. Joto la mwaka huu linatosha kupikia. Sesilia anakusalimu sana. Mke wangu mpaka leo haamini kwamba nina dada kule Normandi anayefua mashuka ya marehemu, akayatia rangi, akawauzia walio hai, na wakamshukuru. Binti yetu Nadège yuko kule kaskazini ya kisiwa, anafundisha watoto wa watu na kuwachapa kwa macho tu, kama wewe ulivyokuwa ukinichapa mimi. Tangu nistaafu mgodini kazi yangu ni kukaa barazani na kumwelekeza Sesilia namna ya kulima. Hanisikilizi, na viazi vikuu vyake vinastawi.

Salamu zimetosha, sasa nina ombi. Nadège anaolewa. Jambo lenyewe halijatangazwa, kwa hiyo usianze kuwaandikia watu. Nataka meza ya harusi itandikwe kitani cha mama. Fungua kabati lake, toa shuka moja, ulisafishe vizuri, unitumie kwa ndege.

Na liwe jeupe, dada. Nakujua. Siku hizi hata kitambaa cha kufutia pua kikipita mbele yako kinatoka na rangi ya kutu au ya bahari. Hili usilitie rangi.

Mdogo wako,
Fulbert


La Fresnaie, 6 Februari 1979

Mdogo wangu Fulbert,

Marahaba. Barua yako imefika siku ambayo maji ya bwawa la kufulia yaliganda mpaka nikayavunja kwa nyundo. Mgongo unalalamika, lakini sijaupa ruhusa ya kupumzika. Padri ameuza gari lake na kununua lingine bovu zaidi. Mwezi ujao kule Mortagne ni maonyesho ya soseji za damu. Nitakwenda nile fungu langu na lako, maana mwenyewe umechagua kuishi mahali ambapo nguruwe anapikwa kwa mawe.

Habari ya Nadège imenifurahisha mpaka nimekaa chini. Sitamwambia mtu, ingawa unajua kwamba kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kufua.

Kabati nimelifungua. Mashuka ya mama yapo ya kutosha, yale mapana yenye mshono katikati na herufi zake kwa uzi mwekundu pembeni. Kitani bado kigumu, ukikikunja kinalia. Yamekuwa manjano kwenye mikunjo, kwa sababu aliyaweka na kanji ndani, na kanji ikikaa miaka inageuka kama chai. Hilo lisikupe wasiwasi. Mtu asiyejua kazi angeyatia maji ya moto moja kwa moja, na umanjano ungepikwa humo milele. Mimi naanza na maji baridi, nabadilisha na kubadilisha mpaka yasibaki na utelezi wa kanji, ndipo nachemsha kwa maji ya majivu. Halafu nayatandaza majanini, umande na jua vimalize.

Nimekuchagulia moja la rafu ya juu, lenye upindo wa matundu aliotarizi mama akiwa msichana. Meza itapendeza.

Kuhusu rangi, usinidharau. Kitani kikuukuu kina madoa ambayo hata mimi siwezi kuyatoa: divai ya ubatizo wa fulani, dawa ya mgonjwa fulani. Rangi inayasitiri. Watu wa Paris wanapanda treni kuja kunitafuta mimi na mapipa yangu. Lakini lako litakuwa jeupe, kama ulivyotaka.

Msalimie Sesilia. Mwambie asikusikilize.

Dada yako,
Hermance


Noumea, 25 Februari 1979

Dada Hermance,

Shikamoo, na asante kwa soseji utakayonilia. Hapa mvua imenyesha wiki nzima, bustani ya Sesilia imegeuka supu. Mbwa wetu amezaa chini ya kitanda chetu bila kuomba ruhusa. Nadège anakusalimu.

Shuka la rafu ya juu ni zuri, lakini silo. Ninalotaka ni lile la chini kabisa kabatini, lenye herufi F. Ni langu, mama alilitarizi kwa jina langu, kwa hiyo simwibii mtu. Nadège ni mtoto wangu wa pekee na anastahili kitani bora kuliko vyote vya nyumba yetu. Hilo halijawahi kutandikwa, kwa hiyo halina hata doa la kukupa tabu.

Usiulize maswali mengi. Lifue, likauke, litume.

Fulbert


La Fresnaie, 20 Machi 1979

Fulbert,

Marahaba. Theluji imeondoka, matope yamebaki. Mjukuu wa mwenye kinu amenunua farasi wa kwetu mwenye miguu kama nguzo, na sasa kijiji kizima kinatembea kwenda kumtazama farasi kana kwamba hatujawahi kuona mwingine. Mimi pia nilikwenda.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Wewe na mimi tulikuwa jikoni siku mama alipoyaweka yale mashuka mawili chini kabisa, la F na la H, wiki tuliyopokea komunio ya kwanza pamoja kwa sababu wewe ulikuwa mdogo lakini mkaidi. Alitueleza kama anavyoeleza mama yeyote wa Fresnaie. Mashuka mengine ni ya kuishi. La chini ni la kulazwa siku wanawake watakapokuja kukuosha, na ndani yake ndimo utakamokwenda. Baba alikwenda na lake. Mama alikwenda na lake, nami ndiye niliyelikunjua. Hajawahi kupatikana mtu wa kwetu aliyelitandika mezani na kuweka juu yake keki.

Lakini wewe ni mtu mzima na baba wa bibi harusi, labda huko visiwani mmebadilisha desturi. Nimelitoa. Nimelisafisha, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ningemfukuzia mwanafunzi. Mama, kama wenzake wote, alikuwa akitia buluu ya kufulia katika maji ya mwisho ili weupe ung'ae. Buluu ya enzi zile ina chuma ndani yake. Ikikutana na majivu kwenye maji yanayochemka, chuma kinatoka na kuwa kutu. Kila mfuaji wa bonde hili anajua kwamba la chini kabatini lina buluu nyingi kuliko yote, na kwamba lazima uiondoe kwanza. Mimi nililitumbukiza sufuriani nikiwa nafikiria mambo mengine. Nilipoinua kifuniko, shuka lako lilikuwa limejaa vitone vya kutu kama uso wa mtoto mwenye surua.

Nitavitoa. Nitachemsha yale majani machachu yanayoota kando ya zizi, maji yake yanakula kutu bila kula uzi. Lakini majani bado madogo, nasubiri yakue.

Wakati tunasubiri, niambie jina la bwana harusi. Hujaniambia hata kazi yake.

Hermance


Noumea, 9 Aprili 1979

Dada Hermance,

Shikamoo. Hapa tumeanza kupumua, joto limepungua. Nimempa jirani zana zangu zote za useremala, zilikuwa zinashika kutu barazani na yeye ana vijana wa kuwafundisha. Bunduki ya kuwindia nimempa mpwa wa Sesilia. Nyumba imekuwa na nafasi. Sesilia ananikasirikia kwamba sahani inarudi jikoni na chakula, lakini nani anakula vizuri kwenye joto.

Bwana harusi anafanya kazi posta. Jina lake ni refu, la huko kwao Sesilia, kisiwani Wallis, ulimi wako wa Kinormandi utavunjika. Ni kijana mzuri. Imetosha.

Kuhusu kutu, nimecheka. Hermance wa mapipa, anayefuatwa na watu wa Paris kwa treni, amelitia kutu shuka la mdogo wake. Kama kazi imekushinda siku hizi, useme, nikutumie dobi. Majani machachu hayachukui majira mazima kukua. Usinicheleweshe, dada. Sina nafasi ya kusubiri msimu wenu wa maua.

Fulbert


La Fresnaie, 2 Mei 1979

Fulbert mdogo wangu,

Marahaba. Miti ya tofaa imechanua mpaka barabara haionekani. Sijambo, miguu inanitii, macho yanatunga uzi sindanoni bila miwani.

Shuka ni safi. Majani yalifanya kazi ndani ya asubuhi moja, kutu ikayeyuka nikiangalia. Nimelitandaza majanini umande ulipokuwa mzito, nikalipiga pasi likiwa na unyevu. Ni jeupe kiasi kwamba linaumiza macho. Herufi F ni nyekundu kama siku ilipotariziwa. Sijawahi kusafisha kitu vizuri namna hii, na hutalipata.

Nilimwandikia Nadège kumpongeza. Ndiyo, uliniambia nisiandikie watu, lakini bibi harusi si watu. Alinijibu kwa barua ya kurasa nyingi. Hana mchumba wa posta wala wa forodhani. Anasema kama ataolewa atakuwa wa kwanza kujua. Anasema pia kwamba Pasaka alipokuja nyumbani, ulikuwa umefunga mkanda kwenye tundu ulilotoboa mwenyewe kwa msumari, kwamba usiku alikusikia ukitapika nyuma ya nyumba, na kwamba akikuuliza unasema ni joto. Amekuona ukirudi kutoka kwa daktari wa mjini na bahasha ya picha, ukaipandisha juu ya kabati.

Kwa hiyo tuache harusi. Nimelala na shuka hilo kwenye kiti mbele yangu na nimeelewa ulichokiomba tangu Januari. Nakuuliza swali moja kama dada yako mkubwa, na unijibu kama ulivyokuwa ukinijibu kabla hujajifunza uongo: daktari alisema nini?

Hermance


Noumea, 30 Juni 1979

Dada,

Shikamoo. Sikukujibu mwezi uliopita kwa sababu sikutaka.

Nadège ana mdomo mrefu na ameurithi kwako. Haya. Kuna kitu tumboni. Daktari alikiona kwenye picha, akaniambia wanafungua, wanakitoa na kipande cha tumbo lenyewe, wanashona. Anasema kipo mahali pazuri, kana kwamba ananiuzia kiwanja. Anasema wengi wanapona. Nilimshukuru, nikavaa shati, nikaondoka. Sesilia hajui kilichomo kwenye bahasha. Usimwandikie.

Nimefanya kazi chini ya ardhi miaka yote ya nguvu zangu na sikuwahi kumruhusu mtu anilaze na kunifungua nikiwa sijitambui. Siogopi kufa, Hermance. Nasema kweli. Ninachoogopa ni kuamka nikiwa nusu, nikilishwa uji na mke wangu kama kifaranga. Afadhali niondoke nikiwa mzima kama baba, kitandani kwangu, watu wakiniimbia.

Na nikiondoka nataka kuondoka kama mtu wa kwetu. Hapa kuna mashuka ya nailoni ya dukani yenye maua ya zambarau. Kwenye hayo siingii. Nimekaa mbali na nyumbani muda mrefu, hata mama sikumzika. Nataka angalau kile alichonishonea kinishike mwishoni. Sikuombi unikubalie. Nakuomba kitu changu.

Litume.

Fulbert


La Fresnaie, 21 Julai 1979

Fulbert,

Marahaba. Nyasi zimekatwa, zimekauka, ziko ghalani. Kuku wangu mwekundu amefariki na nimemla. Kijijini hakuna jipya.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Kifungue kwanza, kisha urudi hapa usome.

Umeona. Ni lako, na F ipo pembeni, ila itabidi uitafute kwa kidole, maana uzi mwekundu umekuwa mweusi. Ngoja nikueleze nilivyofanya ili usije ukafikiri kwamba ni ajali.

Baada ya barua yako nilikwenda bandani nikawasha moto chini ya pipa la nili. Pipa hilo nimelilisha pumba na madini yake tangu masika, linanuka kama zizi la mbuzi na liko kwenye ubora wake. Nililowesha shuka lako jeupe, nikalikamua, nikalishusha polepole lisipate mapovu ya hewa. Kitani cha mama kinakunywa rangi taratibu, ni kizito. Nilipolivuta juu lilitoka kijani kama majani machanga, kisha hewa ikaanza kuligeuza machoni pangu mpaka likawa buluu. Mtu mwingine angeridhika hapo. Nililichovya tena, na tena, siku iliyofuata pia, mpaka likawa buluu ya suruali ya fundi chuma, karibu na usiku. Nimelisuuza bwawani mpaka wanawake wenzangu wakaniuliza ni la nani. Nikawaambia ni la mdogo wangu. Waliipapasa F na wanajua herufi hiyo ilikuwa imewekwa wapi kabatini. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mwingine, yule mama Ludivine anayeosha maiti wa kijiji, alicheka mpaka akashika ukuta.

Unajua kwa nini alicheka. Hakuna mtu wa kwetu anayelazwa kwenye rangi. Weupe au hakuna. Ungekuwa hapa, Ludivine angekataa kukugusa. Na wewe ambaye umeandika kurasa nzima kwamba unataka kuondoka kama mtu wa Fresnaie, huwezi kwenda ndani ya suruali ya fundi chuma. Nili haitoki. Ukilichemsha, ukilisugua, ukililaani, litabaki buluu. Kama kuna jambo moja duniani ninalolifahamu kuliko madaktari, ni hilo.

Kwa hiyo, Fulbert, shuka la kufia huna. Nenda hospitali.

Sikufanya hivi kwa ujasiri peke yake. Naogopa. Sitaki kuwa mtu wa mwisho duniani anayekumbuka sauti ya mama akituita tuje kukamua mashuka. Halafu mimi ndiye mkubwa. Foleni ina utaratibu wake na wewe tangu utoto umezoea kuniruka. Safari hii sikupi nafasi.

Kuhusu uji: Sesilia alikuchagua ukiwa na vumbi la mgodi masikioni. Mwache aamue mwenyewe kama nusu yako inamtosha. Mwambie leo.

Dada yako,
Hermance


Noumea, 13 Agosti 1979

Hermance,

Sikusalimii.

Nililiamini neno lako ulipoandika kwamba litakuwa jeupe. Umechukua kitu pekee nilichokuwa nacho cha mama ukakitumbukiza kwenye pipa la mavi ya mbuzi ili ushinde mabishano. Nimelitupa juu ya uzio. Sesilia amelirudisha ndani, na kwa sababu alikuwa na barua yako mkononi, na anasoma Kifaransa vizuri kuliko mimi, sasa anajua kila kitu. Tangu juzi yuko nje na shoka. Anakata kuni. Hatutumii kuni.

Fulbert


La Fresnaie, 1 Septemba 1979

Mdogo wangu,

Hata kama husalimii, marahaba.

Kasirika. Nimefurahi sana kusoma barua yenye hasira, zile za upole zilikuwa zinaniua. Neno langu nimelivunja na ningelivunja tena kesho asubuhi, pipa bado lina moto. Kama unataka kunitukana kwa urefu unaonistahili, itabidi uwe na nguvu, na nguvu zinatoka kwenye chakula, na chakula kinahitaji tumbo lisilo na kitu ndani yake.

Nisalimie Sesilia. Mwambie kuni zikikaa kavu zinadumu.

Hermance


Noumea, 4 Novemba 1979

Dada Hermance,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wangu, ingawa umelegea. Natumaini hujambo, na Ludivine pia hajambo na hana kazi. Sisi tupo. Nadège alikuja akakaa nami likizo nzima, akanichapa kwa macho. Watoto wa mbwa wamegawiwa, mmoja amebaki na anakula viatu.

Sesilia alipomaliza kuni alikuja barazani akakaa mbele yangu. Alisema, "Mimi nusu yako nimeishi nayo miaka yote, nusu nyingine ilikuwa mgodini. Vaa viatu." Nikavaa.

Hospitali walinilaza siku moja kabla. Kitanda kilikuwa na shuka jeupe, jeupe lenyewe, lililopigwa pasi. Nililitazama nikaona limefanana na lile la chini kabatini, na sikulipenda. Sesilia akatoa lako kwenye kikapu akalitandika juu yake. Muuguzi alisema sheria hairuhusu. Sesilia alimwambia kitu kwa Kiwallis, ambacho kwa bahati muuguzi hakukielewa, na shuka likabaki. Nikajifunika mpaka kidevuni, nikalala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima.

Sasa nina neno na wewe kama mteja. Fundi mzima, mapipa miaka yote hiyo, na hukuniambia kwamba linaacha rangi. Usiku ule nilitoka jasho la hofu. Ndiyo, la hofu, umepata ulichotaka. Asubuhi daktari alikuja na wanafunzi wake, akafunua shuka, akakuta mgonjwa mwenye tumbo la buluu. Wanafunzi wakasogea. Mmoja akaanza kuandika. Ilibidi Sesilia, aliyekuwa amelala kitini akiwa na shavu la buluu yeye pia, aeleze habari ya dada yangu wa Normandi. Walinisugua kwa spiriti, haikutoka. Nilikuwa nacheka waliponisukuma kwenda kule ndani, na nilipoamka waliniambia kwamba walichora mstari wa kukata juu ya nili yako na hawakuuona vizuri, wakachora upya.

Kimetoka chote. Wanasema kilikuwa mahali pazuri kweli, nimuombe radhi daktari. Nitamuomba nikiweza kusimama wima. Nimebaki na tumbo kama la mtoto, nakula kidogo kidogo mara nyingi, na uji nililishwa, dada, siku kadhaa, na Sesilia hakusema neno isipokuwa "fungua".

Shuka lako liko kitandani kwetu. Tunalalia. Jumapili nilikula samaki wa nazi kwa mara ya kwanza, nikiwa kitandani kinyume cha amri, na bakuli likapinduka. Kuna doa kubwa la mchuzi, mafuta ya nazi na binzari ya manjano, katikati kabisa kwenye mshono. Sesilia ameninunia na haligusi, anasema kitani cha kwenu nikifue mwenyewe.

Maji baridi kwanza, hilo nalikumbuka. Baada ya hapo nifanyeje? Nijibu upesi, maana ndilo shuka tunalolalia.

Mdogo wako,
Fulbert